Nyanya Inakufa

Kaeni, kaeni. Aliyekosa kiti kuna ndoo imepinduliwa pale kando ya tangi, akalie hiyo. Lakini zile zenye miche msiziguse. Zina mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyu amesimama mbele yenu.

Mwenyekiti wa jumuiya amenikaribisha akasema, "Mwalimu, uko na dakika kumi." Nyinyi mnaonijua mkanitazama mdomo. Nimewaona. Mlikuwa mnangoja nimwambie ni "una dakika kumi", si "uko na". Mmengoja bure. Nimezipokea dakika zangu vile zilivyo na nikasema asante. Huo peke yake ni ushuhuda wa kutosha, na ningeweza kuketi sasa hivi tukaanza kula. Ila mwalimu akishapewa nafasi haachilii watu kabla ya kengele.

Kwa wageni wetu waliotoka Katangi na Ekalakala, mimi nilifundisha Kiswahili katika shule ya msingi hapa Kithimani mpaka nikastaafu. Nusu ya watu walioketi hapa wamewahi kupata sufuri kutoka kwangu, na nusu ile nyingine ni wazazi wao. Wala sikuishia darasani. Nilimsahihisha mwenye duka la mbegu kwa ajili ya bango lake. Nilimsahihisha padri, ingawa nilimngoja amalize misa. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba siku nitakayofika mbinguni nitaanza kwa kusahihisha orodha ya majina kabla sijauliza kama langu limo. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Wangu ulikuwa na kalamu nyekundu.

Basi nisikilizeni. Mungu alinijalia mtoto mmoja, msichana. Baba yake alifariki binti akiwa kidato cha pili, nikamlea peke yangu, akasoma, akapata kazi ya ofisi katika kiwanda kimoja kule Mavoko. Huko akapata mchumba. Kijana huyo anafanya kazi kwenye vibanda vya plastiki vya kukuzia maua, anatunza mimea. Baba yake ni wa kabila moja, mama yake wa jingine, na yeye amezaliwa na kulelewa Mavoko, kwa hiyo lugha ya nyumbani kwao ni Kiswahili cha mtaa. Kikamba hana. Wageni, msicheke bado.

Wakaja siku ya ntheo. Sisi Wakamba tunajua, bila wale mbuzi wa ntheo mtu hajaoa, hata kama ana watoto sita. Wazee walikuwa wameketi hapa hapa, kwenye uwanja huu. Baadhi yenu mlikuwepo. Mbuzi wakaletwa, wakakubaliwa, kisha kijana akaambiwa asimame aseme neno. Alikuwa amevaa koti ambalo nadhani alikuwa ameliazima, maana mikono ilimfika hapa. Akasema, "Wazazi wetu, mimi niko na furaha mob kukuja hapa. Hii msichana yenu mmetulelea poa."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, mtu mwingine angesikia moyo wa kijana yule. Mimi nikasikia ngeli.

Nikainuka. Hakuna aliyeniomba. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, kijana. 'Hii msichana' ni nini? Msichana ni kiti? Msichana ni mtu. Tunasema 'msichana huyu'. Hebu rudia." Watu wakacheka. Na mimi, niliposikia kicheko, nikazidi. Nikamsimamisha pale mpaka akarudia, "Msichana huyu," kama mtoto wa darasa la tatu. Akaketi. Maneno aliyokuwa amekuja nayo hakuyamaliza, na siku nzima hakusema mengine.

Kwa Kikamba, mkwe ni muthoni na haya, ile aibu ya heshima, ni nthoni. Neno moja ni mtoto wa lile lingine. Mimi niliyefundisha watu mizizi ya maneno nilimvunjia mkwe wangu heshima hiyo mbele ya wazee, kisha nikaenda kuangalia kama nyama imeiva.

Binti yangu alikuwa jikoni na akina mama, akasikia kicheko. Jioni, wageni wakiwa wanafunga safari, akanivuta nyuma ya ghala. Hakupaza sauti. Akaniambia, "Mama, leo sikuwa nimekuomba mwalimu. Nilikuwa nimekuomba mzazi." Nikamjibu kwamba mzazi anayekuona unaolewa na mtu asiyejua kuongea ana wajibu. Ndiyo, nilisema hivyo. Msinitazame hivyo, nimesimama hapa kwa sababu nilisema hivyo.

Hakukata mawasiliano mara moja. Alikuwa akipiga simu Jumapili, mazungumzo mafupi, hali ya hewa na afya. Halafu siku moja, kabla ya adhuhuri, ukaingia ujumbe kwenye simu. "Mum mtoto imezaliwa. Ni msichana." Nilikuwa nimesimama hapo mlangoni. Furaha ilinipanda. Nikakaa chini, nikashika simu, na vidole hivi, ndugu zangu, vidole hivi vikaandika neno moja. "Amezaliwa."

Nikatuma.

Nia yangu ilikuwa kuandika pongezi baada ya hapo. Nilitaka kwanza niweke sentensi sawa, ndipo nifurahi. Kabla sijaandika lile la pili jibu likaja. "Sawa Mwalimu."

Si Mama. Mwalimu.

Nilipiga simu, haikushikwa. Nilipiga tena wiki iliyofuata, haikushikwa. Kisha kiburi kikanishika mimi, nikasema kama hanitaki basi simtaki. Hivyo ndivyo watu wawili wanaopendana wanavyoweza kukaa miaka miwili bila neno, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Mjukuu wangu akaota meno sijui. Akatembea sijui.

Nikaanguka. Sikuanguka kwa kishindo. Nilianza kwa kuacha kwaya, nikasema sauti imeharibika. Nikaacha jumuiya, nikasema miguu. Nikaacha kupika, maana kumpikia mtu mmoja ni kazi ile ile ya kuwapikia watu watano, nikawa nakunywa chai na mkate asubuhi na jioni. Pazia nikaacha kufungua. Mlikuja kunitembelea, najua, na mlirudi mkidhani nimelala. Nilikuwa macho. Nilikuwa nimeketi kitandani nikihesabu mbao za dari, na nilikuwa naomba Mungu aniondoe polepole bila kusumbua watu. Nawaambieni hili kwa sababu huenda humu kuna mtu ambaye pazia lake pia limefungwa, na anatusalimia vizuri sana akitupata njiani.

Sasa nimfikie jirani yangu. Simtaji jina, lakini ni yule anayeuza mboga sokoni, na mkimtafuta ni huyo aliyejifunika uso kwa leso. Alikuwa mwanafunzi wangu. Darasa la sita nilimpa sufuri katika jaribio la ngeli, na nikaisoma ile sufuri kwa sauti mbele ya wenzake. Mtu kama huyo angekuwa na haki ya kupita mlangoni kwangu akitazama upande mwingine. Lakini adhuhuri moja aliingia bila kubisha, akanikuta na gauni la kulalia. Alikuwa na miche ya nyanya iliyofungwa kwa gazeti lenye maji.

Akasema, "Mwalimu, hii miche imebaki. Kwangu hakuna pahali ya kupanda. Kama ni kutupa, tupa wewe."

Nikamwambia ni "miche hii", na ni "mahali pa kupanda". Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwa binadamu baada ya siku tatu. Akacheka akasema, "Hata hivyo itamea tu." Akaenda sokoni.

Niliazimia kuitupa. Ila mimi ni mtoto wa Ukambani. Huku kwetu, mahali tunapokaa miezi tukitazama wingu ambalo linapita kwenda kunyesha kwa wengine, mche wenye mizizi hautupwi. Mkono haukubali. Nikatafuta ndoo za rangi zilizobaki nyumba ilipopakwa, nikatafuta mitungi ya plastiki iliyopasuka nikaikata shingo, nikatafuta sufuria moja iliyotoboka. Nikazitoboa chini kwa msumari wa moto. Udongo nikachanganya na mbolea ya mbuzi wa jirani. Miche ilikuwa kumi na mmoja, nikaipanga hapo ukutani mistari miwili kama gwaride la asubuhi.

Na mtu ni tabia yake. Kesho yake nikajikuta nimesimama mbele ya zile ndoo nikiita rejista. Huyu wa sufuria alikuwa mchelewaji. Yule wa mtungi wa buluu nikamfanya kiranja. Ilibidi nivae nguo za kutoka, kwa sababu huwezi kusimama mbele ya darasa na gauni la kulalia. Ilibidi nichane nywele. Nikaanza kuhifadhi maji ya kuoshea mboga, lakini ili upate maji ya kuoshea mboga ni lazima uwe na mboga za kuosha, kwa hiyo nikaanza kupika. Nyinyi mnadhani mtu huponywa na jambo kubwa. Mimi niliponywa na kazi ndogo zilizokuwa zikivutana mkono.

Jirani akanifundisha kufunga shina kwenye kijiti kwa uzi wa katani, si kwa kukaza, kwa kulegeza, ili mmea uwe na nafasi ya kunenepa. Akanifundisha kung'oa yale machipukizi yanayotokea kwapani, kati ya jani na shina, ambayo yanakula nguvu bure. Kazi hiyo niliipenda mno. Ilikuwa kama kusahihisha insha. Kila asubuhi nilipita na vidole vyangu, bana, ng'oa, bana, ng'oa, mpaka siku moja jirani akashika mkono wangu. Akasema, "Mwalimu, umetoa hadi yenye maua. Sasa itazaa na nini? Wacha ingine." Nikamwambia ni "acha". Kisha nikaacha.

Maua yalipokuja, ya manjano, madogo, yameinamisha vichwa kama wanafunzi ambao hawajafanya kazi ya ziada, nilicheka peke yangu uwanjani. Nilijisikia nikicheka nikashtuka, maana sikuwa nimeisikia sauti hiyo kwa muda mrefu. Na ile harufu ya majani ya nyanya kwenye mikono! Vidole vyangu ambavyo maisha yote vilikuwa vyeupe kwa chaki vikawa kijani, na sabuni haikusaidia, na sikutaka isaidie. Nilirudi kanisani nikiwa na vidole hivyo. Mama mmoja akaniuliza kama nimeanza kutengeneza dawa za kienyeji.

Halafu matatizo. Nyanya zilikuwa zimefikia ukubwa wa yai, kijani kibichi, nikaona moja imekuwa nyeusi chini, kwenye kitako. Kesho yake nyingine. Juu nzima, nzuri, ukiigeuza, imeoza. Kila mchana majani yakawa yanalegea na kujikunja. Nikanunua dawa, nikanyunyiza. Zikazidi. Kiranja wangu wa mtungi wa buluu alipoinamisha kichwa, nililia. Nawaambia nililia kwa sababu ya mnyanya, mimi niliyemzika mume wangu kwa macho makavu ili mtoto asiogope. Lakini nilijua ninacholilia. Nilijua zikifa zile nitarudi kwenye dari, na safari hiyo sitatoka.

Ilikuwa Jumamosi, saa moja asubuhi. Jirani alikuwa anapita kwenda sokoni na mzigo wake, akanikuta nimechuchumaa. Akatazama zile nyanya, akatazama uso wangu. Akasema, "Si mkwe wako ni mtu wa mimea? Uliza yeye."

Nikasema bora nife.

Akasema, "Basi usimsalimie mtu. Uliza tu nyanya." Akaweka mzigo chini, ishara kwamba haendi popote. Soko linamngoja, wateja wanamngoja, na yeye ameketi kwenye jiwe langu. Nikaona aibu. Nikaingia ndani nikaleta simu. Miwani yangu nilikuwa nimeikalia wiki ile ikavunjika, kwa hiyo nikampa yeye aandike, atume kwa binti yangu. Nikamsomea imla kama zamani, polepole, na nukta zake. "Nyanya zinakufa. Muulize mumeo dawa." Salamu sikuweka. Akaandika, akabonyeza, na simu ikazima hapo hapo, kwa sababu stima ilikuwa imepotea tangu jana yake. Akabeba mzigo akaenda.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Saa nne na kitu hivi nilikuwa pale nyuma ya mstari wa pili, nimevaa kofia ya marehemu na sweta lililotoboka viwiko, nikimkaripia mchelewaji wa sufuria. Nikasikia gari likifunga breki langoni. Nikasikia mtu anakimbia. Halafu nikasikia kilio. Nikasimama kuona ni nani amefiwa.

Alikuwa binti yangu. Mguu mmoja kiatu, mguu mwingine ndala. Nyuma yake mumewe na buti za kazini zenye udongo, amembeba mtoto mkono huu, blanketi mkono ule. Na nyuma yao, ndugu zangu, nyinyi. Mlikuwa mmemwona anakimbia analia, mkaanza kukimbia na kulia pia. Mzee mmoja alikuwa ameshavua kofia. Na kuna mama alikuja na sufuria kubwa ya kupikia chai ya msiba, sufuria hiyo bado iko kwangu na sijasahau.

Binti yangu akaniona nimesimama kati ya ndoo. Akasimama ghafla. Akasema, "Mama?"

Nilikuwa sijaitwa hivyo miaka miwili. Nikasema lililokuwa karibu. Nikamwambia, "Mmefanya haraka. Nyanya ziko hapa."

"Nyanya gani?"

Nikamwonyesha. Akatazama zile ndoo, akanitazama mimi, akatazama ndoo tena. Akatoa simu, akainyoosha nione. Miwani sikuwa nayo, mumewe akanisomea. Alisoma polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kukosea mbele yangu. "Nyanya inakufa. Kuja na bwana yako."

Mmeelewa? Ninyi wa huku mmeelewa. Katika kitabu, nyanya wa mtu, yaani bibi yake, ni "anakufa", na nyanya za kupika ni "zinakufa", na hakuna wa kuchanganya. Lakini sisi huku hatuongei kitabu. Huku mtoto inalia, ng'ombe inalia, mzee inalia, gari inalia. Binti yangu alipoona "nyanya inakufa" kutoka kwenye simu yangu, akajua kuna jirani amechukua simu ya mama mgonjwa akaandika kwamba nyanya wa mtoto wake yuko mahututi. Akapiga, simu imezima. Akaacha chai mezani, akampitia mumewe kazini, wakaja.

Kama mwanafunzi wangu yule angekuwa ameandika sahihi, mtoto wangu asingekuja. Angemwuliza mumewe dawa, angenitumia jina la dawa, na hapo pangekuwa mwisho wetu.

Watu wote walikuwa wananitazama. Na mdomo ukafunguka. Namwambia Mungu asante kila siku kwa kile kitambo kifupi, maana nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kusema, "Si 'inakufa'." Nililisikia likija. Lilifika hapa, kwenye meno. Nikamtazama mtoto wangu na ile ndala moja.

Nikalimeza. Nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Nyanya ilikuwa inakufa. Lakini umekuja."

Akanishika, tukaanguka wote wawili juu ya ndoo, tukavunja matawi ya minyanya miwili, na hakuna aliyejali. Alilia, nililia, na kila aliyekuja tayari kulia hakutaka kupoteza machozi yake. Tulipomaliza tukaanza kucheka, na kicheko hicho kilikuwa kirefu kuliko kilio.

Yule mdogo alishushwa chini. Sikumjua, na nilidhani hanijui. Akanikaribia, akaninyooshea kidole akasema, "Nyanya." Nikashangaa, maana kidole chake kilikuwa kinaelekea pia kwenye tunda moja ambalo lilikuwa limeanza kuwa jekundu karibu na bega langu. Mama yake akaniambia kwamba kila jioni humwonyesha picha yangu na kumfundisha. Miaka miwili, jioni zote hizo. Nikamchumia ile nyanya, nikambeba.

Mkwe wangu alikuwa ameshachuchumaa kwenye ndoo. Aligeuza nyanya iliyooza, akatia kidole kwenye udongo mpaka kwenye kiungo cha pili, akahamia ndoo nyingine. Akaniuliza huwa namwagilia vipi. Nikamweleza kwamba maji ni ya shida, huwa nangoja mpaka majani yalegee kabisa, kisha huruma inanishika namwaga mtungi mzima.

Akasema, "Mum, hii si ugonjwa. Hii ni maji tu. Unainyima, unainyima, halafu unaipea mob. Inashtuka. Ipee kidogo, lakini ipee kila siku."

Nikasema, "Sawa, nimeelewa." Sikugusa hata neno moja. Na nikaelewa zaidi ya vile alivyokusudia.

Akatandaza nyasi kavu juu ya udongo ili maji yasiruke na jua. Tukaanza kumwagilia kopo moja asubuhi, kopo moja jioni. Zile zilizooza tukazichuma, zilizofuata zikatoka nzima, vitako safi kabisa. Kachumbari mtakayokula leo imetoka kwenye ukuta huo, na nyingine nimewagawia jumuiya tangu wiki tatu zilizopita mpaka mkaanza kunikwepa njiani. Binti yangu nampigia simu kila jioni, dakika mbili tatu, hata kama habari ni kwamba leo kuku ametaga. Ujumbe wake ukija nausoma na kuujibu. Unakuja na makosa ya kila aina, na nimegundua kwamba najua kabisa anachosema.

Nimshukuru jirani yangu. Baadaye nilimwuliza, kwa nini uliandika "inakufa" nami nilikusomea "zinakufa"? Na hilo la "kuja na bwana yako" nililisema saa ngapi? Akanitazama kwa macho makavu akasema, "Mwalimu, si ulinipea sufuri kwa ngeli?" Mpaka leo sijui. Na mkimtazama sasa hivi anavyocheka ndani ya leso, hamtajua pia. Dada, ile sufuri naifuta mbele ya watu wote.

Namshukuru binti yangu aliyekuja na ndala moja. Nawashukuru nyinyi mliokimbia mkidhani ni msiba, maana siku hiyo ndipo nilipojua nikifa nitaliliwa. Namshukuru Mungu, ambaye nadhani anasikia Kiswahili cha kila mtu.

Na kama kuna mtu wa kuchukua funzo, achukue la mkwe wangu, maana langu ni kosa tu. Usimnyime mtu siku nyingi ukidhani utamlipa siku moja. Mpe kidogo, kila siku. Na mtoto akikuletea furaha, furahi kwanza.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililowaleta hapa. Kwa desturi yetu, aliyekosea mbele ya wazee halitengenezi kosa lake jikoni, kwa siri. Nilipomwomba mkwe wangu msamaha faraghani alisema, "Mum, hiyo ilipita." Ilipita kwake, haikupita kwangu. Nilimketisha kwenye uwanja huu, mbele ya wazee hawa hawa. Mbuzi mnayesikia harufu yake nimemchinja kwa ajili yake, na wazee watamkatia kwanza.

Mkwe wangu, simama. Nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba unisamehe. Siku ile ulikuwa umekuja na maneno yako, nikakukatiza, hatukuyasikia yote. Tunataka kuyasikia leo. Sema vile unasema. Mimi nakaa.